Majivu Kwenye Mistari ya Mkaidi

"Nani ametia majivu kwenye mahindi yangu? Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani?"

Wifi yangu alisimama katikati ya uwanja, viatu vya mpira vimejaa tope mpaka magotini, mkononi kashika jani la hindi kama mtu aliyekamata shati la mwizi. Tulikuwa tunaosha vyombo vya chai. Nikaiweka sufuria chini.

"Majivu gani tena, wifi?" nikamwuliza. "Nyumba hii haijawahi kuibiwa majivu wala kuletewa."

"Usinifanyie mzaha leo. Tazama." Akalikunjua jani pale linapoungana na bua. Ndani kulikuwa na ukoko wa kijivu, umeganda kama uji wa jana. "Mistari yote ya Mkaidi iko hivi. Yote! Mistari jirani haina hata chembe. Huyu si mtoto aliyecheza. Huyu alichagua."

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mama yake mzazi, aliinuka kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Akakaza kanga kiunoni, akajibu kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa:

"Ni mimi. Kwani kuna ubaya gani?"

Wifi alimtazama. Nilidhani atapandisha sauti zaidi, maana mdomo alikuwa nao, hilo hata waliomchukia walimkubalia. Hakupandisha. Alikaa chini palepale kwenye maji machafu ya vyombo, akalilaza jani mapajani, akalia bila sauti.

"Sasa analia nini?" Mama akaniuliza mimi. "Nimemwokolea mahindi yake, analia!"

Asiyejua kazi ya wifi yangu angeuliza vivyo hivyo, kwa hiyo niieleze. Alikuwa akifuga funza. Sitanii. Wako wanaofuga kuku, wako wanaofuga nyuki. Yeye alifuga funza wa mabua, wale wanaoingia kwenye moyo wa mche wakiwa wembamba kama uzi, wakala majani machanga, kisha wakatoboa bua na kuteremka nalo mpaka mche unalala wenyewe bila upepo. Aliwafuga kwa mshahara, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu kilicho ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ulimwita Mama Funza, na watoto wake wawili walipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka wakachoka, wakalizoea.

Kaka yake, mume wangu, hakuchoka kumchokoza. "Dada, wafugaji wenzako wana maziwa, wana mayai. Wewe una nini?"

"Nina mwisho wa mwezi," alimjibu. "Wewe una nini?"

Niliwahi kuingia kwenye chumba chake cha kazi. Hakina dirisha linalofunguka. Kuna joto la kunata, taa nyeupe isiyozimwa mchana, na rafu za vyuma zimepangwa mitungi midogo iliyozibwa kwa pamba. Ndani ya kila mtungi kuna chakula kilichoganda kama sabuni, na ndani ya chakula kuna funza. Chakula hicho alikipika mwenyewe kwenye sufuria kubwa: unga wa maharage, hamira, majani ya mahindi yaliyokaushwa yakasagwa, vitamini, na dawa ya kuzuia ukungu. Alikikoroga kwa uangalifu ambao, nasema bila wivu, jikoni kwetu hatukuwahi kuuona. Kikiungua, anamwaga chote anaanza upya. Ugali wake ukiungua, tulikula.

Funza wakikomaa wanageuka nondo, nondo wanataga mayai kwenye vikunjo vya karatasi, na mayai yakianza kuonyesha vichwa vyeusi, wifi alikuwa anakwenda nayo shambani. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa brashi laini aliweka funza wachanga kwenye moyo wa kila mche, mche kwa mche, mstari kwa mstari, amejikunja kutwa nzima. Kila mche ulipata funza walewale, wengi sawasawa, asionewe mtu wala asipendelewe mtu. Kisha wanaachwa wale. Hakuna dawa, hakuna kuokota, hakuna kugusa. Mche ulioliwa ukaisha, umejieleza. Mche ulioonjwa ukaachwa, huo ndio unaotafutwa. Mbegu yake inachukuliwa, inachanganywa na nyingine yenye mazao mazuri, inapandwa tena, inawekewa funza tena. Msimu baada ya msimu. Wanatafuta hindi litakalojitetea lenyewe, kwa ugumu wa bua lake na ukali wa majani yake, ili mkulima asiyeweza kununua dawa naye avune.

Aliyekuwa akiongoza kazi hiyo tulimwita Daktari. Jirani mmoja aliwahi kumpelekea mtoto mwenye homa. Akamgusa paji la uso, akasema, "Mpelekeni hospitali, mama. Mimi ningempasua bua tu nione kuna nini ndani." Mtu mwema, si mwenye maringo, ila alikuwa na haraka za mtu ambaye hela za mradi wake zina tarehe ya mwisho.

Na Mkaidi alikuwa hindi. Jina hilo alipewa na wifi. Katika ukoo wake kulikuwa na hindi fupi la zamani, gunzi bovu, punje zimepangwa kama meno ya mzee, lakini majani yake yana vinyweleo na bua lake ni gumu kama mwiko. Funza waliligusa, wakageuza nyuso kama watoto walioonjeshwa mwarobaini. Daktari aliuchanganya ukoo huo na mahindi yenye gunzi zuri kwa miaka, akipoteza huku na kupata kule, mpaka likatoka hili lililokuwa gumu na lenye kuzaa. Wifi alilizungumzia mezani kama mtu anavyomzungumzia mwanawe aliye darasa la mtihani. "Mkaidi leo kachanua." "Mkaidi kanisalimia kwa upande." Tukacheka, lakini tulijua. Alikuwa ametoa kifua chake kwa hindi hilo.

Nasema kifua kwa maana halisi. Nondo wana vumbi kwenye mabawa, vumbi laini kama poda, nalo kwenye chumba kisicho na dirisha halina pa kwenda ila puani mwa mtu. Miaka ya kwanza alipiga chafya. Baadaye akaanza kukohoa. Mwishowe ikawa akipanda ngazi za kituo anasimama katikati kama anayesoma tangazo, kumbe anatafuta pumzi. Kitambaa cha kufunika pua kilikuwepo; kilifuliwa mpaka kikawa chandarua.

Msimu ule mashamba ya kituo hayakutosha, wakakodi eneo letu lililo nyuma ya jiko. Kibarua mmoja, kijana mrefu mwenye shingo ya twiga tuliyemwita Kirefu, alipewa kazi ya kupalilia na kulinda. Mistari ya Mkaidi ilipandwa katikati, mahindi ya kawaida pembeni yake ili yalinganishwe. Na siku moja Daktari alikuja kukagua, akasimama chini ya baraza letu kukwepa jua, akamwambia wifi maneno haya: "Mkaidi akisimama msimu huu, wafadhili wanaendelea na sisi. Akilala, tunafunga mlango, na wewe na mimi tunarudi nyumbani."

Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Tulidhani hakusikia.

"Nilisikia," Mama alisema asubuhi ile ya majivu, bado amesimama mlangoni. "Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Yakiliwa haya ya katikati, kazi imekwisha. Mama gani akae na majivu jikoni anaangalia? Sisi tulitia majivu kwenye mahindi kabla hujazaliwa. Wadudu hawapendi. Hata mama yangu alitia."

"Mama, mimi ndiye niliyewaweka wale wadudu!"

"Na mimi ndiye niliyewatoa! Unaweka wadudu kwenye chakula halafu unaniuliza mimi nina wazimu?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Wifi akanigeukia kwa jicho ambalo lingekausha nguo.

"Na Kirefu alikuwa wapi?" akauliza.

"Alikuwa anakula," Mama akasema. "Nilimpikia. Nikamkalisha huku, mgongo kule. Kijana akipewa maharage yaliyoiva vizuri hageuki." Alionyesha kwa mkono, kajivunia kidogo. Alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya pili baada ya funza kuwekwa, kila adhuhuri, sahani kwa Kirefu na kopo la majivu kwa Mkaidi.

Wifi akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, tope likabaki shavuni. Daktari alikuwa ameshatoa alama jana yake. Alipita mstari kwa mstari akitazama majani: yale ya pembeni yalikuwa matundu matupu, ya Mkaidi yalikuwa mazima kama nguo mpya. Alimpigia wifi makofi hadharani. Wageni, wale wafadhili, walikuwa wanakuja kesho yake. Na wifi, kwa furaha, ndiye aliyerudi peke yake asubuhi ile kwenda kumtazama Mkaidi wake kwa karibu, akakunjua jani.

Jioni tuliketi jikoni. Nilimshauri anyamaze, na ningemshauri hivyo tena.

"Mvua ikinyesha mara moja, majivu hayapo. Mama hatasema, mimi sitasema. Wifi, una watoto wawili na kifua kibovu. Nani atakuajiri?"

"Hakuna."

"Basi."

"Basi nini? Mbegu ikipita, inakwenda kwa watu. Mtu atauza mbuzi anunue mbegu ya Mkaidi, kwa sababu kaambiwa haihitaji dawa. Ataipanda. Atalala usingizi."

"Huenda ni ngumu kweli. Umesema mwenyewe miaka yote ni ngumu."

"Kwenye vipande vidogo, ndiyo. Msimu huu ndio ulikuwa wa kujua." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Wifi, wewe unakumbuka mume wangu alikwenda kuchimba mchanga kwa nini."

Nilikumbuka. Walikuwa na shamba zuri, mahindi ya mbegu ya dukani waliyoapiwa ni ngumu. Funza walilimaliza kabla halijatoa gunzi. Mume akaenda machimbo ya mchanga kutafuta unga, ukingo ukamwangukia, wakamtoa jioni. Ndiyo maana alirudi nyumbani kwa mama yake na watoto wawili na sanduku, na ndiyo maana alipoambiwa kituo kinataka mfagiaji alikwenda, na alipoona wanachofanya kwenye kile chumba akaomba afundishwe.  Nikamwongezea chai.

Kesho yake nilikuwa kituoni. Waliniita kuosha vikombe vya wageni. Kwa hiyo nilikuwepo alipoingia ofisini kwa Daktari, na mlango ulikuwa wazi, na sikujitoa. Daktari alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha kabati. Wifi akaweka jani juu ya meza, akasema habari yote kwa mfululizo, bila kumtetea mama yake na bila kumtukana.

Daktari akalikunjua jani, akasaga majivu kati ya vidole, akanusa. Kisha akaja kufunga mlango, akaniona, akauacha.

"Nani anajua?"

"Mimi, mama yangu, na wifi huyu."

"Kirefu?"

"Hajui. Alikuwa anakula."

Daktari akakaa. Tai ilikuwa imefungwa nusu, inaning'inia kama kamba ya ng'ombe. "Mama Funza, ungeniambia kesho."

"Kesho wageni watakuwa wameondoka."

"Ndiyo," akasema polepole. "Ndiyo maana nasema kesho."

 Huko nje magari yalikuwa yanaingia, tulisikia kokoto.

"Mkulima hana mama wa kumtilia majivu shamba zima, Daktari."

Akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka mtu alipogonga dirisha kumwambia wageni wamefika. Akainuka, akamalizia tai yake. "Hata mama yangu angetia," akasema, akatoka.

Daktari aliwaambia mwenyewe, amesimama mbele yao. Walikuwa watu wazuri, hawakumkaripia. Mama mmoja mwenye miwani ndiye aliyeuliza: "Kwa hiyo hindi hili lina kinga, au halina?"

"Hatujui."

"Mtajua lini?"

"Tukirudia. Msimu ujao."

"Hela za msimu ujao zilikuwa zinangoja jibu la msimu huu," akasema yule mama, kwa huruma kabisa. Wakanywa chai. Wakausifu ukweli wetu kama watu wanavyomsifu marehemu, wakapanda magari. Nikaosha vikombe.

Amri ya kufunga haikukawia. Mitungi ilitakiwa kusafishwa, chumba kikabidhiwe. Kirefu alijitolea kuwaua funza, akasema ni kazi ya mwanamume. Wifi akakataa. "Nimewalea mimi." Alichemsha maji kwenye sufuria ileile ya chakula chao, akamimina mtungi mmoja baada ya mwingine, amejifunga kile kitambaa chake usoni. Nondo aliwafungia kwenye mfuko mweusi akauweka juani. Nilimletea maji ya kunywa, nikamkuta anakwangua chakula kilichoganda kwa kijiko, mtungi ung'ae, kana kwamba kuna atakayeutumia.

Mbegu za Mkaidi zilitiwa kwenye vifuko, vifuko kwenye kasha, kasha likapelekwa ghala la baridi la makao makuu, mbali.

"Nani atazipanda?" wifi alimwuliza Daktari.

"Zitakuwa salama."

"Sikukuuliza hivyo."

Daktari akampa mkono. Mimi nilimwuliza wifi njiani kama hakuficha hata kiganja kimoja kwenye mfuko wa gauni. Akaongeza hatua. Nilijua hakuficha, mtu wa namna hiyo unakaa naye nyumba moja ukatamani kumfinya.

Mistari ya nyuma ya jiko ilifyekwa na watu wa kituo, ikachomwa. Mama aliangalia kutoka dirishani. Tangu siku ya wageni alikuwa hazungumzi sana. Alianza kusahau kula. Alipika, akapakua, akatengea kila mtu, akakaa na sahani yake mbele kama anayemngojea mwenyewe. Wifi alikula chakula chake kimyakimya, akasema asante mama, akaondoka. Hapakuwa na ugomvi. Ningependa ugomvi, ugomvi una mwisho.

Jioni moja Mama akamwita. Nilikuwa namsuka binti yangu, nikasikia.

"Mwanangu. Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza, mama."

"Bila majivu yangu... wangemla?"

Wifi alikaa karibu naye. "Sijui, mama."

"Kisia."

"Siwezi kukisia. Pengine wangemla. Pengine angewashinda mwenyewe, tukaona wote kwa macho, na sasa hivi niko kazini. Sijui, na sitajua. Hicho ndicho ulichonichukulia. Kazi ningepoteza tu siku moja, na kifua hiki."

Mama akainamia vidole vyake. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua."

Akasema najua mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, akaingia ndani. Mama hakuuliza tena. Masika hayakuisha, tulimzika. Wifi alimwosha kwa mikono yake, akamchana nywele, hakulia. Watu walisema ana roho ngumu. Niliwaambia wafunge midomo yao au wanisogelee tuzungumze vizuri.

Lakini si Mama peke yake aliyeingia hasarani. Kirefu naye alifukuzwa, na kwa maneno mabaya zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mlinzi. Alipopata habari yote, alikuja mpaka uwanjani kwetu, akasimama na ile shingo yake. "Bibi alinilisha ili anifumbe macho," akamwambia wifi, "na wewe dada ukayafumbua ya wakubwa ili nifukuzwe. Nyumba hii kweli ina ukarimu."

"Sikukutaja kwa ubaya."

"Ulitaja sahani. Imetosha."

Hakusalimiana naye tena. Mke wake alikuwa na mdomo mrefu kuliko shingo ya mumewe, na siku moja kwenye mashine ya kusaga, mbele ya foleni nzima, akamkumbusha wifi deni. Mwanzoni mwa msimu kifua kilimlaza wifi kitandani, na shamba lake la chakula lilikuwa linamezwa na magugu. Kirefu akalipalilia siku yake ya mapumziko, kutwa nzima, wakakubaliana jembe kwa jembe: naye atamrudishia siku kwenye shamba lake.

"Au siku ya maskini haina bei?" yule mwanamke akasema. "Mnajua kusema ukweli kwa wenye magari. Mseme na huu."

Foleni ikapata burudani. Wifi akachukua unga wake. Nilitaka kujibu mimi, akanivuta kanga.

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe. Nikamwambia kifua hicho hakimalizi hata mstari mmoja. Akaniambia basi nimfuate nimwokote. Nikamfuata, kwa maana nilijua hatanii.

Shamba la Kirefu liko mtelemkoni, udongo mwekundu, mahindi ya magotini. Alikuwa ameshaanza. Alituona, akaendelea kulima.

"Habari za asubuhi, mdogo wangu," wifi akasema.

Kirefu akahamia mche mwingine.

"Nimeleta siku yako."

Kirefu akaonyesha kwa kidevu mstari ulio mbali naye. Wifi akaenda, akainama, akaanza. Nilikaa kwenye ukingo nikawaangalia. Jembe la wifi lilipiga polepole, lakini sawasawa. Hakuacha gugu, hakugusa mche. Akifika mahali pumzi ikakatika, alisimama ameegemea mpini, mgongo kwetu, akangoja, akainama tena. Kirefu alikuwa anamaliza mistari yake na kuanza mingine. Kila alipopishana naye alitazama pembeni.

Jua lilipopanda mke wake akaja na dumu la maji. Alimpa mumewe. Kisha akasimama na kikombe, amemtazama Mama Funza aliyekuwa anakohoa katikati ya mstari, amejishika mbavu, na midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Ule mdomo mrefu haukusema kitu. Akanipa kikombe mimi, nimpelekee.

Wifi alikunywa, akanirudishia, akashika jembe.

"Acha," Kirefu akasema kutoka kule aliko. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Siku haijaisha."

"Nimesema acha, dada. Utanifia hapa, halafu nayo nisemwe mimi."

"Uliniazima siku nzima, hukuniazima nusu."

Kirefu akaja, akapita juu ya mistari kwa zile hatua zake ndefu, akasimama mbele yake. Alitazama alipolima. Akalitoa jembe mikononi mwake, bila nguvu, kidole baada ya kidole.

"Nusu umelipa," akasema. "Nusu nimekusamehe. Mke wangu shahidi."

Mke akaitikia kwa kichwa.

Wifi alitaka kubishana, nikaona anatafuta maneno na pumzi ya kuyasemea, akakosa vyote viwili. Akaegemea bega langu. "Haya, mdogo wangu," akasema. "Nimepokea."